Mkanda Aliomfungia Kaka Yake

Shangazi yangu Gáren hanywi kahawa akiwa ameketi. Huinywa wima, kikombe mkono huu, spana mkono ule, na mara nyingine husahau akakoroga sukari kwa spana. Banda lake liko nyuma ya nyumba, upande wa mto. Ndani kuna jiko la kuni, harufu ya petroli, na harufu ya ngozi mbichi za kulungu wa theluji tunaowafuga huku kaskazini, maana ngozi nazo huzitundika humo humo zikauke. Hakuna mtu wa kundi letu la majira ya baridi, familia zinazochunga pamoja, ambaye mashine yake ya theluji haijawahi kulala kwenye sakafu ile.

Zamani alichunga mwenyewe. Watu wanasema kati ya watoto wa babu hakuna aliyerusha kamba ya kunasia kulungu kama yeye, hata baba yangu Heaika, ambaye ni kaka yake. Kisha pikipiki ya theluji ikamwangukia kwenye korongo, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Kwenye theluji laini dereva lazima asimame na kuegemea huku na huku kwa mwili mzima, na nyonga yake haikumruhusu tena. Basi wakakubaliana bila kuketi kukubaliana, kama mambo mengi kwetu. Yeye atengeneze mashine za kundi, na baba achunge kulungu wake pamoja na wetu. Mashine ikiharibika unampelekea shangazi. Kulungu wa shangazi wakipotea, baba anakwenda kuwatafuta.

Hakuwa na wengi. Idadi sisemi, kwetu mtu hatajiwi kulungu wake ni wangapi. Nasema tu kwamba mwaka ule majike wake walizaa majike watupu, na shangazi alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Alikuwa akipiga mluzi chini ya mashine. Siku moja aliniambia, "Ndama hawa wakivuka baridi salama, kundi langu halitakufa kabla yangu." Hana mtoto. Mume alikuwa naye muda mfupi, akahamia kusini, na hazungumzwi.

Kuna jambo la masikio ambalo lazima niliseme hapa. Kulungu wetu wote wanaonekana sawa, kwa hiyo kila ndama hukatwa masikio kiangazi, kwa kisu, na kila mtu ana mkato wake. Watu wa ukoo mmoja mikato yao hufanana. Wa shangazi ni ncha ya sikio la kulia iliyokatwa mshazari, na sikio la kushoto limepasuliwa nchani. Nilipozaliwa, baba alinitafutia alama, akachagua hiyo hiyo ya shangazi, ila ikaongezwa pengo dogo chini ya sikio la kushoto. Mwenye alama ya karibu namna hiyo huulizwa kwanza. Wengi hukataa hata kwa ndugu, kwa sababu mkato huongezeka lakini haupungui. Bibi alimwonya. Shangazi alisema, "Mtoto wa Heaika ni wangu. Acha tutofautiane kwa pengo moja." Nimesimuliwa hivyo, nilikuwa bado kwenye susu.

Sasa mwaka huo theluji ilianguka mapema na haikukoma. Upepo haukuja kuigandamiza. Msituni ikawa kama unga, mtu akishuka kwenye mashine anazama mpaka kwapani. Na majike wa shangazi, pamoja na ndama wao, walikuwa wamebaki nyuma katika bonde la Roavvejohka, katikati ya misonobari mizee, wakati kundi kubwa lilipokusanywa.

Baba akaja bandani na mkanda mpya wa mashine, ule wa mpira unaozunguka chini yake na kuisukuma, ameubeba kwenye sleji, kigari cha kuburutwa kisicho na magurudumu. Ovllá, binamu yake, alikuja naye akiwa na mdomo wazi wa kucheka tayari.

"Dada," alisema baba, "nimekuletea kazi."

Shangazi akapinda kiuno kwa taabu, akagusa meno ya mkanda. Ule wa zamani ulikuwa na meno mafupi ya mpira, yenye urefu wa kucha na kidogo zaidi. Haya yalikuwa marefu kama kidole cha kati kilichonyooka.

"Umemng'oa nani meno haya, Heaika? Mama mkwe wako?"

"Mama mkwe wake hana hata moja," alidakia Ovllá. "Gáren, ungemwona juzi! Amezama Roavvejohka mpaka kiunoni, na bado amekalia mashine, ametulia, kama bibi kwenye beseni la kuogea."

"Na wewe ulikuwa wapi?" aliuliza baba. "Juu ya njia ngumu, unapiga picha. Nyamaza."

Walicheka wote watatu. Kisha baba akavua kofia.

"Majike wako wako kule na wadogo. Niliona nyayo kabla hazijafunikwa. Kwa mkanda wa zamani sifiki. Nifungie huu, nikuletee."

 Shangazi aliweka kikombe chini, na kwake hilo ndilo jibu.

Kazi ile niliiona yote, nikiwa nimekaa juu ya gogo karibu na jiko. Waliilaza mashine ubavu juu ya mablanketi. Shangazi akafungua boliti zinazoshika reli ambazo mkanda huteleza juu yake, pamoja na springi, akazitoa zote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayetoa matumbo ya samaki. Akamwaga oili ya boksi la cheni, akatoa shafti, mkanda wa zamani ukaanguka sakafuni. Alipoweka mpya akatikisa kichwa. Juu ya mkanda kuna bati lililopinda kama handaki, na meno marefu yalikuwa yanaligusa.

"Hauingii," alisema baba.

"Utaingia. Wewe ulipozaliwa mama alisema hivyo hivyo, lakini kwa kutoka."

Ovllá alilazimika kutoka nje kucheka.

Nyuma ya banda, chini ya theluji, kulikuwa na mashine mfu ya babu. Shangazi alinituma nikachimbue shafti yake, kwa sababu magurudumu yake ya kuvutia mkanda yalikuwa madogo zaidi. Akayahamisha. Boliti za bati akazigeuza, vichwa vikatazama ndani na ncha nje, ili meno yasikwanguke. Kisha akachukua masizi kutoka jikoni akapaka ncha za meno, akauzungusha mkanda kwa mkono, taratibu, sikio likiwa karibu na bati. Kila mahali palipobaki doa jeusi kwenye bati, alipagonga kwa nyundo, akapaka tena, akazungusha tena. Ilimchukua mchana kutwa. Nyonga ilimuuma, nilijua kwa sababu alianza kuimba kwa sauti ya puani, bila maneno. Kila alipoinuka aliushika mguu wa meza.

Baba alikuwa anataka kuondoka.

"Sikiliza kwanza," alisema shangazi, akijipangusa mikono. "Huu mkanda unaishi kwa theluji laini. Theluji ndiyo inayopoza plastiki za chini ya reli. Ukipita juu ya barafu tupu zitapata moto. Ukipita na mzigo mzito zitayeyuka. Usikatize ziwani, Heaika. Nenda kwa msitu, rudi kwa msitu."

"Ndiyo, mama."

"Nakwambia!"

"Nami nimesema ndiyo, mama!"

Akambusu dada yake juu ya kofia, akawasha, na theluji ikaruka nyuma yake ikatuzika sote watatu. Shangazi alisimama mlangoni, theluji usoni, anacheka. Mashine ilipanda ukingo wa mto kama vile ukingo haupo.

Baba alirudi baada ya siku kadhaa, uso umebabuka kwa baridi. Alipita kwa shangazi kwanza kabla ya kufika nyumbani, nami nilikuwa huko nikimpasulia kuni.

"Mbwamwitu," alisema.

Shangazi alikuwa wima. "Wote?"

"Majike nimewaona, wametawanyika. Wadogo hakuna. Damu tu, na manyoya. Pole, dada."

Nilimwona shangazi akivuta kiti. Alikaa, akanywa kahawa yake yote akiwa amekaa. Baba akamshika bega. Shangazi akauliza majike wataletwa lini, baba akasema wametapakaa mno, wacha theluji itulie. Halafu shangazi akamtilia mchuzi wa nyama na viazi, akamwambia asante kwa kujaribu. Baba alikula sahani mbili.

Mkanda mpya ukishatembea kidogo hulegea, lazima ukazwe tena. Kwa hiyo siku iliyofuata shangazi alikuja kwetu na mfuko wa spana. Baba alikuwa ndani, amelala. Tulinyanyua mkia wa mashine, shangazi akalala chali juu ya ngozi, akaingia chini. Mkono wenye spana ukasimama. Nikadhani nyonga imemkamata.

"Shangazi?"

"Shuka uone."

Nikashuka. Plastiki za reli zilikuwa zimeyeyuka. Zilikuwa zinang'aa kama mishumaa, na kwenye pembe matone yake yalikuwa yameganda. Ncha za meno yale marefu zilikuwa zimechanika chanika.

"Baba yako alisema amepita wapi?"

"Msituni."

"Msitu hauyeyushi plastiki," alisema. "Na mtu anayerudi mikono mitupu hana mzigo."

Akaukaza mkanda vizuri, kila upande, akapima uwazi kwa vidole. Alifanya kazi ile kama angeifanya siku yoyote. Mama alipomkaribisha ndani alisema ameacha jiko linawaka.

Ziwa liko upande wa pili wa kilima kutoka Roavvejohka. Mwisho wake kuna boma dogo la nyavu ambamo baba huwalisha kulungu dhaifu. Asubuhi baba na Ovllá waliondoka wakisema wanapeleka chakula huko. Hawakuwa wametoweka machoni shangazi alipofika uwanjani kwetu, mfuko mgongoni, akaniambia, "Washa mashine ya mama yako. Utaniendesha."

 Alinishika kiuno, na kila tuliporuka tuta nilisikia meno yake yakigongana. Ziwani barafu ilikuwa imefagiliwa na upepo, nyeusi, na juu yake kulikuwa na michirizi ya mpira, ya kwenda na ya kurudi.

Walikuwa bomani. Ndama wa kike, wanene, wakikoroma kooni, wakiwaita mama zao, kwa sauti ile ambayo ukishaizoea huisikii, lakini siku hiyo niliisikia. Ovllá alikuwa langoni. Alipotuona akainama akaanza kufunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba. Baba alikuwa katikati, amekumbatia kuvumwani, nyuzi za kijivu zinazoota kwenye miti, ambazo huwa tunawalisha.

Shangazi alichukua kamba ya Ovllá kutoka begani mwake bila kumwomba. Akairusha mara moja tu. Akamvuta ndama mpaka miguuni pake, akapiga goti kwenye theluji, licha ya ile nyonga, akamshika kichwa.

Sikio la kulia, mshazari. La kushoto, limepasuliwa. Mikato hiyo ilikuwa imepona tangu kiangazi, manyoya yameota mpaka ukingoni. Na chini ya sikio la kushoto palikuwa na pengo dogo, bichi, lina gamba la damu.

Alama ile ni yangu, naijua kuliko jina langu. Iko kwenye ala ya kisu changu na kwenye kikombe changu cha mti. Niliichora kwenye dawati shuleni, mwalimu akanigombeza.

"Mbwamwitu gani huyu anayetumia kisu?" aliuliza shangazi.

Baba akaweka chini kile alichokuwa amekumbatia. "Gáren. Sikiliza."

"Nasikiliza."

"Ni ya mtoto. Angalia, sikuweka alama yangu hata kwa mmoja. Wewe huna mtu. Ukifa wanakwenda kwa nani? Kwake! Nimetanguliza tu."

"Bado sijafa, Heaika."

"Nani anavunja njia kwenye theluji? Nani ana vidonda vya baridi hapa?" Akajishika mashavu. "Miaka yote hii nachunga wako na wangu. Wangu wanakufa, wako wanazaa majike. Halafu watu wananiuliza, huyo dada yako anakupa nini?"

Shangazi akaitazama mashine ya baba iliyosimama kando ya lango, na mkanda aliomfungia.

"Ungeniuliza," alisema. "Ungekuja bandani ukaniambia, dada, mpe mtoto ndama wawili watatu. Ningekupa kabla hujamaliza kusema. Si unajua?"

 Nadhani baba alijua, na ndiyo sababu hakuuliza.

"Na wewe, Ovllá? Ulimshikia masikio?"

"Aliniambia umekubali," alisema Ovllá akiwa bado ameinama.

"Ulisikia nikilia habari ya mbwamwitu, na bado ukaamini nimekubali."

Ovllá akakaza fundo ambalo halikuwepo.

 Wote waligeuka kunitazama, kwa sababu kwa sheria ya masikio wale ndama walikuwa wangu, na mwenye mali mle bomani alikuwa mimi. Nikasema, "Shangazi, wachukue. Kama alama ni yangu basi neno ni langu. Nakupa wote."

"Wewe ni mtoto," alisema baba.

Shangazi alimwachia ndama. Ndama akakimbilia wenzake. Shangazi akainuka kwa kushika wavu, polepole, nikampa mkono, hakuushika.

"Siwezi kupewa zawadi ya kitu changu," alisema. Hakusema kwa hasira. "Nikipokea, nimekubali walikuwa wako. Na nikipiga kelele mbele ya kundi zima, hiyo alama yako itaitwa ya mwizi mpaka utakapozeeka. Baba yako alilifikiria hilo. Sivyo, Heaika?"

"Sikufikiria hivyo."

"Basi ulibahatisha vizuri."

Akamuuliza baba majike wako wapi. Baba akasema kule kule Roavvejohka, aliwaacha baada ya kuwafunga ndama kwenye sleji, majike walifuata kidogo wakashindwa. Hakuna njia iliyovunjwa huko zaidi ya ile moja aliyokuja nayo, na theluji ilishaifunika. Kulungu hawezi kuchimba chakula kwenye kina kile muda mrefu. Ilikuwa wazi kwetu sote kwamba wataanza kuanguka.

"Nipe ufunguo," alisema shangazi.

"Mashine imeharibika chini, inakwaruza. Na nyonga yako hiyo..."

"Ufunguo."

Akapewa. Alifungua mfuko wake, na ndani mlikuwa na plastiki mpya za reli, zimeshakatwa kwa kipimo cha mashine ile. Alinyanyua mkia wa mashine kwa msaada wa Ovllá, ambaye alikimbilia kusaidia haraka kuliko alivyopaswa. Akasukuma zile zilizoyeyuka zikatoka, akaingiza mpya, akazifunga kwa skrubu.  Ndama walikuwa wanaita. Baba alisimama amening'iniza mikono, kama mgeni kwenye nyumba ya mtu.

Nilipanda nyuma ya kiti. Nilifikiri ni jambo la kawaida, nani atamsaidia akizama?

"Shuka," alisema.

"Shangazi, nitakusaidia kuvunja njia."

"Wewe baki na kulungu wako."

Nikashuka.

Hakukatiza ziwani. Alipinda pembeni, akaingia msituni pale theluji inapoanza kuwa laini, akasimama juu ya vikanyagio na kuegemea upande wa ile nyonga nzima. Mashine ilikwenda vizuri sana. Tuliisikia muda mrefu baada ya kutoiona, na baba alibaki akiitazama ile mitaro iliyochimbwa na meno ya mkanda.

Aliwatoa majike karibu wote. Hakuwaleta kwetu. Aliwavusha mto mpaka kwenye kundi la Issát, ambao si ndugu zetu, na huko ndiko wako mpaka leo, na mashine za kina Issát ndizo zinazolala kwenye sakafu ya banda lake. Ile ya baba aliirudisha mwenyewe, akaiacha uwanjani kwetu, tangi limejaa. Mkanda wa meno marefu ulikuwa bado umefungwa, umekazwa sawasawa.

Watu wa kundi letu sasa wanapeleka mashine zao mjini, wanarudi wakilalamika. Wanamuuliza baba kulikoni na Gáren. Baba anasema amezeeka, amekuwa mgumu. Mezani huwa anasema damu ni damu, atarudi. Mama humtazama. Mimi sijibu, na wamezoea kwamba sijibu, kwa hiyo hakuna mwingine anayejua yaliyotokea bomani.

Ndama wamekuwa wakubwa. Mmoja ana mimba, nimeona. Baba husema kwa sauti mbele ya wageni, "Huyu binti yangu ana mwanzo mzuri," na wageni wananipongeza.

Pasaka tulikutana na shangazi nje ya kanisa. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu na shali ya hariri, ameshikilia fimbo. Alinishika mkono akaniuliza kama nimepata kazi. Akauliza kikohozi cha mama. Mtu wa ukoo wako ukikutana naye Pasaka, hata kama mmegombana, humuuliza kama kulungu wake wamevuka baridi salama, ni kama kusema hujambo. Nilimngoja aniulize. Nilikuwa nimeshaandaa la kumwambia, kwamba wamevuka, kwamba siwagusi, kwamba mdogo kuliko wote bado huenda kwenye wavu upande wa msitu na kusimama.

Alinipiga piga mkono juu ya glavu, akasema, "Baridi, ingieni ndani," akaenda kukaa na kina Issát.